Nani Anaishi Palipoachwa Wazi? Kuisoma Ramani ya Riwaya ya Kifantasia

Mwalimu mwenzangu, chukua nakala ya The Lord of the Rings, riwaya ya J. R. R. Tolkien iliyotolewa kwa juzuu tatu kati ya mwaka wa 1954 na 1955, uifungue pale penye ramani. Wasomaji wengi huipita haraka wapate kuingia katika hadithi. Usiipite. Itazame jinsi ungeutazama ubeti wa kwanza wa shairi. Kaskazini magharibi, wanakoishi wahusika wakuu, karatasi imejaa majina: vijiji, mito, vivuko, milima na misitu. Kadiri jicho linavyoshuka kusini au kuelekea mashariki, maandishi yanapungua. Chini kabisa kuna neno Harad. Upande wa kulia kuna neno Rhûn. Baada ya hapo ni karatasi nyeupe.

Makala haya yanauliza swali moja: ni nani anaishi katika weupe huo? Nadai kwamba swali hili ni la uhakiki, wala si la kubahatisha. Weupe wa ramani ni sehemu ya matini sawa na mazungumzo ya wahusika au maelezo ya mandhari, na matini yenyewe imeacha ushahidi kuhusu wakazi wake. Ni juu yetu kuutafuta ushahidi huo na kuupima.

Huenda ukashangaa riwaya ya Kiingereza inatafuta nini katika jarida la walimu wa Kiswahili. Nina sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu wanaijua dunia hii, hata wale ambao hawajawahi kuishika riwaya yenyewe, kwa kuwa wameziona filamu tatu zilizotokana nayo, zile za mwaka wa 2001 hadi 2003. Mpe mwanafunzi kama huyo insha ya kubuni kuhusu ufalme wa ajabu, na aghalabu utaletewa jeshi la waovu linalotoka upande ambao hakuna anayejua kuna nini. Pili, fasihi yetu wenyewe ina nchi za kubuni, na tukishaitazama ramani ya Tolkien vilivyo tutazisoma nchi hizo kwa jicho jingine.

Tuanze na majina. Tolkien alikuwa profesa wa lugha katika Chuo Kikuu cha Oxford, na majina yake hayakuokotwa ovyo. Aidha, alieleza katika barua zake kwamba alitangulia kuchora ramani, kisha akaifanya hadithi iendane nayo. Ramani iliyochapishwa ilichorwa na mwanawe, Christopher, kutokana na michoro ya baba. Kwa hivyo hatuwezi kusema kwamba ni pambo la mchapishaji. Sasa, katika mojawapo ya lugha alizobuni mtunzi huyu, Harad maana yake ni kusini. Basi. Rhûn ni mashariki. Wakazi wa Harad huitwa Haradrim, yaani watu wa kusini, na nchi yao imegawanywa mafungu mawili, Kusini ya Karibu na Kusini ya Mbali.

Karibu na nani? Mbali na nani? Hata Afrika Kusini na Sudan Kusini zina kitu ambacho ziko kusini mwake. Harad ni Kusini mtupu. Jina hilo limetolewa na mtu aliyesimama Gondor, ufalme wa wahusika wema, akanyoosha kidole. Wenyewe wanajiitaje? Riwaya haisemi. Nasi tusijione tumesalimika na jambo hili. Msomaji aliyeko Mombasa anajua fika kwamba Maskati iko kaskazini, maana majahazi yamekuja kutoka huko yakisukumwa na upepo wa kaskazi tangu enzi na enzi. Lakini akifungua redio kusikiliza taarifa ya habari anaambiwa kwamba Maskati iko Mashariki ya Kati, naye anaitikia. Mahali pa kusimama anapokuwa amechaguliwa na mwingine, pande zote za dunia hubadilika.

Mtindo huu wa kuchapa ramani mwanzoni mwa hadithi haukuanzishwa na Tolkien. Treasure Island ya R. L. Stevenson (1883) ina ramani. King Solomon's Mines ya Rider Haggard (1885) ina ramani, na hiyo ni ramani ya bara letu. Katika Heart of Darkness ya Joseph Conrad (1899), msimulizi Marlow anakumbuka jinsi alivyovutiwa utotoni na sehemu za ramani zilizokuwa hazijaandikwa kitu. Watunzi hawa walikuwa wakiiga ramani halisi za enzi zao. Mwaka wa 1749 Mfaransa aitwaye d'Anville alichora ramani ya Afrika akafuta humo kila kitu ambacho hakuweza kukithibitisha. Ilikuwa kazi ya msomi mwaminifu. Hata hivyo, mtu asiyejua sababu ya weupe ule angeweza kudhani kwamba katikati ya Afrika hapana mtu.

Kinyume chake tunakipata Rabai, karibu na Mombasa. Wamishenari Johannes Rebmann na Jakob Erhardt walichora ramani ya bara iliyochapishwa London mwaka wa 1856. Wao wenyewe hawakuwa wameyafikia maziwa makuu. Waliwauliza watu wa misafara, Waswahili na Waarabu waliokuwa wakienda bara kutafuta pembe na watumwa. Kwa vile kila njia ya msafara iliishia kwenye maji, wakayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja kubwa lenye umbo la koa. Ramani ile ilizua mabishano, na mwaka wa 1857 Burton na Speke wakaanza safari kutoka pwani kwenda kuhakikisha. Umbo la ziwa halikuwa sahihi, lakini njia ya kuuliza ilikuwa sahihi. Palipokuwa peupe kwa mtu wa London palikuwa pamejaa majina kwa mpagazi aliyepumzika chini ya mwembe pwani.

Kwa njia hiyohiyo ya kuuliza, turudi kwa Tolkien tuwatafute mashahidi. Wa kwanza ni Sam, mtunza bustani. Katika juzuu ya pili, Sam na Frodo wamejificha msituni huku vita vikipiganwa karibu nao. Askari mmoja wa Harad anauawa na kuanguka kando ya Sam. Amevaa mkufu wa dhahabu. Nywele zake zimesukwa. Mkono wake wa rangi ya kahawia bado umeshika upanga uliovunjika. Sam anajiuliza jina lake nani, ametoka wapi, kama kweli alikuwa na moyo mbaya, au ni uongo gani na vitisho gani vilivyomtoa kwao akaja mbali hivi, ilhali labda angependelea kukaa nyumbani kwa amani. Ni fikra ya mara moja tu. Kabla hajaimaliza, ndovu mkubwa kupita kiasi anatokea, na Sam anamsahau maiti.

Ningependa ukae na kifungu hiki darasani kwa kipindi kizima. Zingatia kwanza nani anayeuliza. Hatumsikii mfalme akiuliza, wala mchawi mwenye hekima, wala Frodo bwana wake. Anayeuliza ni mfanyakazi, mtu ambaye kwao hangeandikwa katika ramani yoyote. (Katika filamu ya mwaka wa 2002, toleo refu, maneno haya alipewa Faramir, ambaye ni mwana wa mtawala. Naona hapo filamu ilipoteza kitu kikubwa.) Zingatia pia kwamba ushahidi umo mwilini: dhahabu inahitaji mfua dhahabu, nywele zilizosukwa zinahitaji msusi. Kuna mtu alikaa nyuma ya kijana huyu akamsuka kabla hajaenda vitani. Huyo msusi ndiye mkazi wa kwanza wa weupe wetu, na hatukumbuni. Tumemfikia kwa kufuata ushahidi uliomo kitabuni.

Shahidi wa pili ni kiambatisho kilichoko mwishoni mwa juzuu ya tatu, ambacho nakubali kwamba wengi wetu hatungekisoma kama si kulazimika. Humo tunaambiwa kwamba karne nyingi kabla ya hadithi kuanza, wafalme wa Gondor waliishinda Harad, wakawatoza wafalme wake utii, na kuwaweka wana wao rehani katika jumba la kifalme la Gondor. Sasa soma upya vita vyote. Watu wa Kusini wanaoonekana wakivamia bila sababu wana sababu, na sababu hiyo ina tarehe. Mtunzi aliijua na aliiandika. Ila aliiweka nyuma ya kitabu, baada ya hadithi kwisha, pale ambapo haiwezi tena kumsumbua msomaji anapowashangilia wapanda farasi.

Wa tatu ni ziwa Núrnen. Mordor, nchi ya adui, husimuliwa kama jangwa la majivu. Majeshi makubwa kama yale yanakula nini? Msimulizi anatupa jibu kwa sentensi chache tu: mbali kusini mwa nchi hiyo, kando ya ziwa hilo, kuna mashamba yanayolimwa na watumwa. Frodo na Sam hawawaoni. Vita vinapokwisha mfalme mpya anawaweka huru na kuwapa ardhi ile iwe yao. Hatuambiwi jina la hata mmoja wao.

Nafika sasa mahali pagumu. Katika masimulizi ya vita vikuu vya juzuu ya tatu, wanatajwa wapiganaji kutoka Kusini ya Mbali, watu weusi, nao wanafananishwa na nusu-mazimwi. Mwanafunzi wako wa Kidato cha Tatu akikifikia kifungu hicho atainua macho akutazame. Utamwambia nini? Wako watakaokushauri umwambie kwamba ni hadithi tu. Ushauri huo haufai. Hadithi tu ndiyo somo tunalolifundisha. Wengine watakuambia ukifunge kitabu. Hilo nalo linamwacha mwanafunzi na picha ile kichwani bila chombo cha kuichambulia.

Haki inadai tuseme yanayojulikana kuhusu mtunzi. Alizaliwa Bloemfontein mwaka wa 1892, akaondoka akiwa na miaka mitatu. Mwaka wa 1938 mchapishaji wa Ujerumani alipomtaka athibitishe kwamba yeye ni wa damu ya Kiarya, aliandika majibu makali ya kuipinga itikadi hiyo. Mwaka wa 1959, akiagana na Oxford, alitamka hadharani kwamba anachukia ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini. Yote haya ni kweli, nayo hayaondoi neno hata moja katika kifungu kile. Uhakiki hushughulika na maandishi. Hapa istilahi zetu za kawaida zinatusaidia: huruma kwa mtu wa kusini imetolewa kupitia mtazamo wa mhusika, Sam, lakini dharau imetolewa kwa sauti ya msimulizi mwenyewe. Mhusika anaweza kukosea. Msimulizi wa aina hii tunatarajiwa tumwamini. Kwa hivyo dharau ina uzito zaidi katika muundo wa riwaya kuliko huruma. Mwanafunzi anayeweza kueleza tofauti hiyo amepata kitu atakachokitumia katika kila riwaya atakayoisoma, na hatahitaji tena kututazama.

Wako watunzi wa fantasia waliolitambua tatizo hili. Ursula K. Le Guin, Mmarekani, alianza mfululizo wake wa Earthsea mwaka wa 1968, naye pia alitangulia na ramani. Shujaa wake, Ged, ana ngozi ya rangi ya shaba, na rafiki yake mkubwa ni mweusi. Wavamizi wanaotoka pembezoni, Wakarg, ndio weupe. Kama angeishia hapo angekuwa ameigeuza tu ramani chini juu. Katika riwaya ya pili, The Tombs of Atuan (1971), alikwenda moja kwa moja katika nchi ya Wakarg akamfanya msichana wa huko, Tenar, kuwa mhusika mkuu. Ged anachelewa sana kutokea humo, na anapotokea yeye ndiye mgeni. Nchi iliyokuwa chimbuko la wavamizi ikapata mahekalu, mabishano ya makuhani wa kike na msichana aliyechoshwa na giza. (Filamu ya televisheni ya mwaka wa 2004 ilimgeuza Ged kuwa Mzungu, na mtunzi akapinga hadharani.)

Tukirudi kwetu, Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) inanishangaza kila ninapoilinganisha na riwaya hizi. Kusadikika ni nchi iliyo angani, na dunia yake ina pande sita badala ya nne, kwa kuwa juu na chini nako ni nchi. Wajumbe sita wanatumwa huko kote. Katika Tolkien, upande usiojulikana hutoa majeshi. Katika Shaaban Robert hutoa elimu. Hatari iko nyumbani, barazani kwa wakubwa, ambako kila mjumbe anayerudi na habari za mambo mema hutupwa gerezani. Ukitaka kumwonyesha mwanafunzi kwamba fantasia ya Kiswahili haikukopa mwelekeo wake kutoka Ulaya, mwanzie hapa. Hata hivyo, uliza swali letu lilelile: wale waliowapokea wajumbe walikuwa nani? Walikula nini, waligombana juu ya nini? Hawana wasifu mkubwa. Wamewekwa wawe kioo cha kuiaibisha Kusadikika. Ni heshima, lakini ni heshima ya kioo. Naye Katama Mkangi alilikabili jambo hili katika jina la riwaya yake, Walenisi (1995), jina ambalo ukilikata vipande linakuwa wale ni sisi.

Wala lugha yetu haina mikono safi. Watu wa pwani waliochora bara kwa maneno ya vinywa vyao ndio waliomwita mtu wa bara mshenzi. Katika ngano tunazozikusanya na wanafunzi, zimwi hukaa ng'ambo ya mto au ndani ya msitu, yaani pale ambapo njia za kijiji zinakwisha. Mwulize mwanafunzi wako: ng'ambo ya mto huo palikuwa na kijiji gani, na huko zimwi lilisemekana kukaa wapi?

Kwa kazi ya darasani napendekeza zoezi ambalo halihitaji nakala nyingi. Wape wanafunzi ukurasa wa ramani na vifungu vitatu au vinne, kisha kila kikundi kiandike aya moja kuhusu mkazi mmoja wa sehemu isiyoandikwa. Sharti ni moja: kila sentensi iwe na ushahidi wa kuishikilia. Anayeandika kwamba Haradrim hufuga ndovu ana ushahidi. Anayeandika kwamba ni wakatili kwa asili hana. Utaona jinsi kalamu zitakavyopunguza mwendo.

Anza na watu wa Msitu wa Druadan, kwa sababu ushahidi wao ni mwingi na uko pamoja. Ramani inaonyesha msitu tu. Jeshi la Rohan linapopita hapo likienda kuiokoa Gondor, tunagundua kwamba msitu una wenyewe, na chifu wao ni Ghân-buri-Ghân. Anaivunja dharau ya wapanda farasi kwa kuwaambia kwamba yeye si mtoto na kwamba huhesabu mambo mengi. Kisha anawatajia idadi ya jeshi lao, akihesabu kwa ishirini ishirini, na jumla inatoka 6,000. Yeye ndiye anayeijua barabara ya mawe ambayo Gondor yenyewe iliijenga ikaisahau. Kwa maneno mengine, waliochora ramani waliupoteza mji wao wenyewe, na asiyeandikwa katika ramani ndiye aliyewaonyesha njia ya kuufikia. Malipo anayoyataka ni kwamba watu wake waachwe msituni mwao na wasiwindwe tena kama wanyama. Neno hilo "tena" linatosha kipindi kingine kizima: wahusika wema wa Rohan, tuliowapenda kwa kurasa nyingi, walikuwa wakiwawinda.

Baada ya ushindi mfalme mpya anapita kando ya msitu na msafara wake. Wapiga mbiu wanatangaza kwamba msitu ni mali ya Ghân-buri-Ghân na watu wake milele, na mtu yeyote asiingie bila idhini yao. Hakuna anayejitokeza kupokea hati. Ngoma zinalia kwa nguvu ndani ya miti, kisha zinanyamaza, na msafara unaendelea na safari.